Injini Tuliyoisugua Mpaka Ikang'aa

Vijana mnaokuja bandani kwetu hapa Somanda, Bariadi, kutazama vyuma vya jeshi la majini mna swali moja, na mnaliuliza huku mnacheka. "Mzee Shija, mbona injini inang'aa hivi na hiyo mashine ya kukereza imejaa masizi? Mlichoka, au sabuni iliisha?" Wengine mnakuwa mmeshachukua kitambaa mezani mnataka kunisaidia. Nawapigia kelele, mnaondoka mkisema mzee ana kisirani. Ni kweli, ninacho. Leo nitawaeleza kilikotoka.

Kwanza malizeni kucheka kuhusu wanamaji wa Bariadi. Najua mnavyosema huko kijiweni: wazee wa Somanda wanatunza mambo ya meli, na maji yenyewe ya kuoga wananunua kwa madumu. Haya, chekeni. Lakini ziwa liko pale Lamadi, hata jua halichwi hujafika. Wengi wetu wa rika langu tuliochukuliwa jeshini kutoka huku tukapelekwa majini, hatukuwa tumewahi kupanda hata mtumbwi. Mimi nilitoka kuchunga ng'ombe. Wakanipa spana, wakaniteremsha chumba cha injini cha boti ya doria, na humo ndimo nilimoishi maisha yangu ya kazi. Miezi ya kwanza nilikuwa napanda juu kutapika, nashuka, nakaza nati, napanda tena. Msiniulize kuhusu mandhari ya ziwa. Mandhari yangu ilikuwa ekzosi.

Tulipostaafu, boti za zamani zikaondolewa, zikaja mpya zenye mitambo yake, ndivyo dunia inavyokwenda. Zana tulizozishika zikaanza kuonekana kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nondo zinatengenezwa kwa vitu kama hivyo, mnajua? Koplo Nkwabi, mwenzangu wa chumba cha injini, ndiye aliyeniambia, "Shija, tukikaa kimya wajukuu zetu watajua tulikuwa tunavaa sare tu." Basi tukajikusanya wastaafu wachache, hakuna aliyetutuma wala anayetulipa, tukalifanya banda hili la Nkwabi kuwa mahali pa kuhifadhi. Kila mmoja akaleta alichonacho. Hata mimi nilileta tupa yangu ya kwanza, ile fupi mnayoichezea kila mkija.

Sasa, aliyenifundisha kazi hakuwa mwanajeshi. Aliitwa Maduhu, fundi raia aliyeajiriwa kwenye karakana yetu ya ziwani, mtu wa Shishiyu kule Maswa, mfupi, ana mikono mikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kwanza alinitazama nilivyoshika spana, akaniuliza kwa Kisukuma kama nataka kufungua nati au kuchinja kuku.

Nilimtia aibu mapema sana. Nilipewa kufunga kichwa cha injini, nikakaza bolti kuanzia upande huu kwenda ule, kwa kufuatana, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Nikajiona fundi. Boti ikatoka asubuhi, jioni ikarudi inavutwa kwa kamba na wavuvi wa dagaa, nao wanaimba. Kichwa kilikuwa kimepinda, maji yameingia kwenye oili. Maduhu akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia, akaita karakana nzima. "Njooni na vikombe, Shija ametupikia chai ya maziwa!" Lo! Nilitamani ardhi ipasuke. Walipomaliza kunicheka akanishika bega, tukafungua upya, akanionyesha: unaanza katikati, unakwenda nje kwa kuvuka huku na huku, kwanza kwa mkono mwepesi, halafu nusu, halafu ndiyo unakaza kabisa. Ninyi siku hizi mna spana inayolia yenyewe ikifika kipimo. Vizuri sana, sina ugomvi nayo. Bado anzeni katikati.

Na ufa kwenye chuma je? Maduhu hakuwa na mashine ya kupiga picha chuma. Alikuwa na mafuta ya taa na chaki ya shule. Unapaka mafuta ya taa, unaacha yapenye, unafuta pakavu kabisa, unapaka unga wa chaki. Unakwenda kunywa uji. Ukirudi, penye ufa mafuta yamerudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Nimewaonyesha baadhi yenu, na kuna mmoja alipiga makofi. Nilifurahi siku ile, sikusema tu.

Wakati ule vipuri vilikuwa shida. Unaagiza, unasubiri, unasahau uliagiza nini. Kwa hiyo Maduhu alitengeneza. Shafti ya pampu ya maji ya injini hii mnayoiona aliikereza kutoka kwenye ekseli ya trekta bovu la kiwanda cha kuchambulia pamba. Kifuniko, bushi, vishikio vya mabomba, vingi ni vya mkono wake. Na kila alichotengeneza, akishakipima na kuridhika, alichukua tindo ndogo na nyundo, akakipiga chapa.

Ilikuwa chapa ya ng'ombe wa kwao. Baba yake aliwachoma ng'ombe wake chapa ile, na babu yake vilevile: mistari miwili na upinde. Kule malishoni ng'ombe akichanganyika na wa watu, mtu anatazama paja tu anajua huyu wa nani. Tulimtania sana. "Maduhu, injini nayo itapotelea porini?" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Ikipotea mtajua pa kuirudisha."

Nilidhani anajisifu. Mpaka siku bushi moja ilipokatika boti ikiwa mbali, na wakubwa wakaanza kumkaripia mtunza stoo kwamba ametoa kitu kibovu. Maduhu akakiokota kile chuma, akakigeuza, akaona chapa. "Wangu huyu," akasema. Akakibeba kwapani mpaka kwenye mashine yake, utadhani anamrudisha ndama aliyeingia shamba la watu. Akatengeneza kingine, akakipiga chapa tena. Chapa haikuwa ya sifa, vijana wangu. Ilikuwa ya kujulikana siku ya kuharibika.

Na kwa kuwa hakuwa askari, hakupata cheo, na kikosi kilipopigwa picha yeye alikuwa upande wa wapishi akisubiri sherehe ianze. Hayumo popote. Alistaafu akarudi Shishiyu kwa ng'ombe wake, akafa huko. Nilikwenda kuzika, ndipo nikajuana na binti yake, Minza. Akaniita baba mdogo tangu siku ile, nami nikamwita mayu, yaani mama.

Injini tuliikuta Lamadi, kwenye uwanja wa mnunuzi wa vyuma chakavu, imelala ubavu kati ya mabati na fremu za baiskeli. Nkwabi aliitambua kwa mbali, akaanza kupiga hodi kwa sauti kama anaingia nyumbani kwao. Mwenye uwanja alikuwa na jenereta lililomshinda kila fundi. Tukamfufulia, naye akatuachia injini. Vijana wa mwaloni, wanaoshusha samaki kwenye mitumbwi, wakatusaidia kuipandisha kwenye lori lililokuwa limeshusha pamba na linarudi tupu. Wauza samaki walituuliza tunaipeleka wapi. Tuliposema Bariadi, walicheka mpaka wakaweka beseni chini.

Kabla haijapandishwa nilipiga magoti nikaipapasa. Macho yangu yalikuwa yameshaingia ukungu, mtoto wa jicho, kwa hiyo nilitumia kidole gumba. Nikatema mate, nikafuta masizi kwenye kifuniko cha pampu. Ilikuwepo. Mstari, mstari, upinde. Na pembeni kwenye kishikio, nyingine. Nikamwambia Nkwabi, aliyekuwa anafunga kamba, "Maduhu yupo hapa." Akajibu, "Yupo, injini nzima ni yeye. Shika huo mwisho." Tukaishia hapo. Ah! Laiti ningemshika mkono nikamwambia papasa na wewe. Simu yangu yenyewe kitochi, haipigi picha.

Jioni ile nilimpigia Minza.

"Mayu, nimekutana na baba yako."

"Baba mdogo, umeota?"

"Sijaota. Chapa yenu ipo kwenye chuma, nimeishika kwa mkono wangu."

Nikasikia anavuta kamasi. Akanieleza kwamba ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yao, waliobaki waliuzwa, na hawa wachache alionunua mwanawe yeye Minza wana hereni tu masikioni. Chapa haipo tena kwa ng'ombe yeyote. Yeye mwenyewe aliolewa akiwa msichana mdogo, na kazi ya kuchoma chapa ilikuwa ya wanaume, hakumbuki vizuri ilivyokaa. "Nataka wajukuu waione," akasema. "Nikimaliza kuvuna nitakuja nao." Mimi nikamwambia hakuna haraka, chuma hakiendi popote.

Nikaenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho. Nikakaa kwa binti yangu mpaka daktari aniruhusu.

Sasa ili mwelewe kilichotokea, lazima mwelewe tulivyolelewa. Kwenye kikosi chetu ukaguzi ulikuwa kiama. Afisa anashuka chumba cha injini na leso nyeupe, anapitisha nyuma ya bomba ambako hata panya hapiti, anaigeuza, anaitazama. Ikichafuka, wikiendi yako imekwisha. Shaba isiyong'aa ilikuwa kosa. Kutu ilikuwa kosa. Kovu kwenye chuma lilikuwa kosa. Tulisugua mpaka usingizini. Nkwabi mpaka leo anasugua kufuli la mlango wake kila Jumamosi, na mke wake ameshamfukuza jikoni kwa sababu alisugua masufuria yakatoboka. Hatukujua njia nyingine ya kukipenda kitu.

Nikiwa Mwanza, Nkwabi akapata habari kwamba kuna wageni wakubwa watapita kutazama banda. Basi! Akapuliza filimbi, wazee wakaja. Akaazima grenda kwa mchomeleaji wa pale barabarani, akafunga brashi ya waya. Waliisaga injini kutoka juu mpaka chini, wakapiga msasa mkali, kisha laini, wakasugua shaba, palipozidi kuchubuka wakapaka rangi ya fedha. Wazee wa magoti mabovu, jamani, walilala chini ya injini na tochi mdomoni. Hawajawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Wageni wenyewe hawakuja.

Niliporudi na macho mapya, Nkwabi alinifunika uso kwa mikono akanileta mpaka mlangoni, kisha akanifunua. Injini iliwaka. Niliona sura yangu kwenye kifuniko cha pampu. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikabana visigino nikapiga saluti. "Safi kabisa, Koplo!" Tukakumbatiana. Tukanywa soda. Siku zikapita nikiingia humu na kutoka, najisikia fahari, wala jambo halikunijia akilini.

Lilinijia Minza alipopiga simu kwamba pamba imeisha shambani, anakuja. Nilikata simu nikaenda kwenye pampu, nikaweka kidole gumba. Laini kama sahani. Nikaenda kwenye kishikio. Laini. Nikaizunguka yote nikipapasa, na sasa naona vizuri, naona kila kitu, na hakuna kitu.

"Nkwabi, palikuwa na mikwaruzo hapa."

"Yale makovu? Tuliyatoa yote," akasema kwa furaha. "Yalikuwa yanaharibu sura."

"Yalikuwa ya Maduhu."

Alinitazama. Akaketi kwenye boksi la spana. "Nilidhani ni michubuko ya kule skrepa," akasema. "Shija, mbona hukuniambia?" Nilikuwa nimemwambia na sikumwambia. Na hakuna picha. Mjukuu wake alipiga nyingi kwa simu, zote baada ya kung'aa.

Ndiyo maana mashine ya kukereza haiguswi. Ilikuja wiki ileile niliyogundua chapa imefutwa, nayo ni ya karakana yetu. Grisi yake ni ya wakati ule. Pale kwenye mpini palipochakaa ni kiganja cha mtu. Rangi zimepandana, ya chini ni ya zamani kuliko ya juu, na mwenye akili atakuja kuzisoma siku moja. Kabla hamjafuta kitu chochote cha mzee, ulizeni kwanza uchafu ule ni wa nani. Mkimaliza kuuliza, msifute vilevile.

Nilishika simu mara nyingi nimwambie Minza asije. Nilikuwa naitazama, naiweka. Nilimwogopa yule mama, semeni mnavyotaka.

Akaja na bodaboda, wajukuu wawili katikati, wote wamevaa nguo za kanisani. Yeye kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Mwadila, baba mdogo."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu." Alikuwa anatabasamu. Akasalimiana na Nkwabi kwa kupiga goti, Nkwabi akageuza uso. Wajukuu wakaiona injini, wakasema weee, inang'aa! Minza akaizunguka polepole, ameweka mkono kifuani. "Ni nzuri," akasema. "Sasa baba yuko wapi?"

Nikamweleza. Yote, tangu grenda mpaka rangi. Sikumsingizia Nkwabi, wala Nkwabi hakunisingizia mimi. Alisikiliza huku akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayeelezwa njia.

"Sawa," akasema. "Basi nionyeshe alivyotengeneza yeye. Watoto waguse hivyo."

Nilinyoosha mkono kwenye kifuniko cha pampu, nikasita: vifuniko viko viwili vinavyofanana, na siku ile nilipapasa kimoja macho yakiwa na ukungu. Kilichotoka kiwandani na kilichotoka mkononi kwa Maduhu vilikuwa kitu kimoja. Vishikio viko vingi, baadhi vyake, baadhi si vyake, na vyote vinang'aa sawasawa. Alikuwa fundi kiasi hicho. Bila chapa yake hata mimi niliyefundishwa naye sikuweza kumtoa kwenye kundi. Shafti ninayo hakika nayo iko ndani, haionekani.

"Nitakuchorea," nikasema haraka. Nikachukua chaki ileile ya kutafutia ufa, nikachora sakafuni mistari miwili, na chini yake upinde uliotazama juu, kama bakuli.

"Hapana," akasema Nkwabi. "Ulitazama chini. Kama mlango wa kuku." Akafuta kwa kiganja akachora wa kwake.

"Nkwabi, nimeushika kwa kidole juzi juzi!"

"Umeushika injini ikiwa imelala ubavu! Utajuaje juu na chini?"

Tukabishana, wazee wawili tumechuchumaa, huyu anachora, huyu anafuta. Kwa aibu kuu nikaanza kuhisi kwamba sina hakika. Nkwabi naye akaweka chaki chini. Sakafu ilikuwa nyeupe tupu.

Minza alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mlikaa naye miaka yote ile," akasema, si kwa kutulaumu, kwa kushangaa tu. Kisha akauliza, "Ule unga wa chuma mlioukwangua, mliupeleka wapi?"

Nkwabi akajibu kwa sauti ndogo kwamba walifagia, wakaumwaga nyuma ya banda, kwenye mtaro.

"Nyuma upande gani?"

"Mayu," nikasema, "mvua imeshapita pale."

"Nimeuliza upande gani, baba mdogo."

Nikamshika mkono mjukuu mmoja, naye akamshika mwingine, tukazunguka nyuma. Pale mtaroni kulikuwa na majani, mfuko wa plastiki, na mahali udongo umebaki na wekundu wa kutu, si pakubwa. Minza akavua viatu. Mjukuu mdogo akachungulia, akamtazama bibi yake, akauliza, "Bibi, chapa ndiyo hii?"

Minza akamwambia ndiyo.